Mtoto ni wa Nani? Kwa Nini Riwaya za Utumwa Hazimwachi Mama

Ukiwa mezani na watu hapa Nairobi, hebu wasimulie kisa cha riwaya ya Beloved ya Toni Morrison, mwandishi mweusi wa Marekani, kwa ufupi tu. Mama aliyetoroka utumwani anafuatwa na bwana wake, anawakimbiza watoto wake bandani, na kabla hajashikwa anamkata shingo binti yake ambaye hajafika hata miaka miwili, ili asirudishwe shambani. Jibu la kwanza huja kabla chai haijapoa: huyo si mama. Mwingine atasema alirukwa na akili, wa tatu atalaumu pepo, na mkibahatika kuwa na mwalimu wa fasihi hapo, atawaambia hiyo ni ishara tu, msiichukue kama ilivyo.

Mazungumzo ya aina hii yamezidi siku hizi. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa kudai haki kupitia fidia kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, na tangu hapo utumwa umerudi redioni, vyuoni na kwenye makundi ya WhatsApp. Pamoja nao limekuja neno kiwewe, na watu wanaulizana: mtu aliyezaliwa juzi anadaije kiwewe cha mambo yaliyokwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Na kwa nini riwaya za utumwa, moja baada ya nyingine, zinamrudia mama?

Majibu yapo, na hayahitaji shahada ya fasihi. Yanaanzia kwenye swali ambalo sote tumewahi kulisikia likiulizwa kwa sauti ya juu, matangani, kwa chifu au kwenye mahakama ya watoto: mtoto huyu ni wa nani?

Tuelewane kwanza

Mtumwa, katika makala haya, ni mtu ambaye sheria au desturi inamhesabu kuwa mali ya mwingine. Anauzwa, anarithiwa, anawekwa rehani. Kazi ngumu peke yake haimfanyi mtu mtumwa, wala kipigo, wala ujira mdogo. Babu zetu waliovishwa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni na kufanyishwa kazi kwenye mashamba ya walowezi waliteswa, lakini hakuna mlowezi aliyeweza kumpeleka mtoto wa kibarua mnadani. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mada yetu. Orlando Patterson, mwanasosholojia mzaliwa wa Jamaika, aliieleza vizuri mwaka 1982: mtumwa ni mtu aliyekatwa nasaba. Ana mama aliyemzaa na ana watoto aliowazaa, ila mbele ya sheria hawezi kumdai yeyote kati yao, nao hawawezi kumdai yeye.

Kiwewe nacho kimechoka kwa kutumiwa. Siku hizi hata foleni ya Barabara ya Mombasa inampa mtu kiwewe. Kwa wataalamu wa akili neno hili lina mipaka. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiingiza hali hiyo rasmi kwenye mwongozo wake wa magonjwa, kwa msukumo mkubwa wa yale waliyokuwa wakipitia askari waliorudi kutoka Vietnam. Dalili yake kubwa ni kwamba tukio lililopita linakataa kupita. Linarudi bila kualikwa, na mwili unaliitikia kana kwamba linatokea sasa hivi. Mwenye huzuni analia kwa jambo la jana. Mwenye kiwewe hana jana.

Morrison analionyesha hili waziwazi. Miaka 18 baada ya kumuua mtoto wake, Sethe, yule mama wa kwenye Beloved, anamwona mzungu mwenye kofia akikaribia nyumba yake kwa gari la farasi. Ni mzee mpinga utumwa, mwenye nyumba wanamoishi, na amekuja kumchukua Denver, binti mwingine wa Sethe, ampeleke kazini. Sethe ameshika chuma cha kuvunjia barafu. Anamvamia mzee wa watu. Machoni pake aliyefika ni yule bwana wa zamani, na siku ni ile ile.

Sheria iliyofuata tumbo

Mwaka 1662 bunge la koloni la Virginia lilipitisha sheria fupi iliyobadilisha maisha ya vizazi. Kwa desturi ya Waingereza waliotawala koloni hilo, mtoto alifuata hadhi ya baba. Desturi hiyo ilikuwa imeanza kuwatia hasara wenye mashamba. Mwaka 1656 mwanamke aitwaye Elizabeth Key, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika na baba yake Mwingereza, alikwenda mahakamani na kushinda uhuru wake. Sheria ya 1662 ikapindua mambo: mtoto atafuata hadhi ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe nani.

Mfugaji yeyote wa Kajiado anaielewa sheria hii bila wakili. Ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na hakuna anayeuliza fahali alitoka boma gani. Virginia iliwatungia binadamu sheria ya mifugo. Bwana aliyembaka mjakazi wake hakufunguliwa kesi, alijiongezea mali.

Makoloni mengine yakaiga. Mwaka 1808 Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, mtu angetazamia utumwa uanze kunyauka. Watumwa nchini humo walikuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1810. Kufikia 1860 walikaribia milioni 4. Wengi mno kati yao hawakushuka melini, walizaliwa humo humo. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa nchi hiyo na mwandishi wa tamko lake la uhuru, aliandika mwaka 1820 kwamba mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili ana faida kuliko mwanamume bora kabisa wa shambani.

Mama anakaa katikati ya riwaya hizi kwa sababu hiyo. Baba aliporwa jasho lake. Mama aliporwa jasho, kisha kila aliyemzaa akaandikwa kwenye daftari la bwana pamoja na bei yake. Mama kumpenda mwanawe kukawa ni kudai kitu cha mtu mwingine.

Kuna mazungumzo katika Beloved ambayo ningependa kila mwalimu wa fasihi ayasome kwa sauti darasani. Sethe anamweleza Paul D, mwanamume waliyekuwa naye shamba moja, siku ambayo vijana wa bwana walimkamata. Alikuwa mjamzito na bado ananyonyesha. Walimshika wakamnyonya maziwa yake, na aliposhtaki wakamchapa mpaka mgongo ukapasuka. Paul D anashangaa: walikupiga kwa mjeledi? Sethe anasema walichukua maziwa yangu. Walikupiga na una mimba? Walichukua maziwa yangu! Mwanamume anasikia habari ya mgongo, mwanamke anasimulia habari ya maziwa, na wote wawili wanazungumzia siku moja. Sethe mwenyewe alikua akinyonya kwa mama mwingine, kwa kuwa mama yake alirudishwa shambani wiki chache tu baada ya kujifungua, na hapo watoto wa kizungu walianza, yeye akapata masalio au asipate kitu. Kwake maziwa ni kitu pekee alichokuwa nacho ambacho kilistahili kuwa cha mtoto wake tu.

Mama mkwe wake, Baby Suggs, alizaa watoto wanane. Wote walichukuliwa isipokuwa mmoja. Anachokumbuka cha mzaliwa wake wa kwanza ni kwamba alipenda sehemu ya chini ya mkate, ile iliyoungua. Hakuna jina la utani, hakuna sura. Baada ya kupokonywa wa kwanza na wa pili, aliacha kuwatazama sana waliofuata. Ukisikia mtu akisema mama mtumwa "alizoea" kupoteza watoto, mpeleke kwenye ukurasa huo. Kujizuia kumtazama mtoto wako usoni si mazoea.

Mama wasiotaka

Lipo kosa jingine, na hili ni la sisi tunaozipenda riwaya hizi. Tunazigeuza kuwa nyimbo za kumsifu mama, kana kwamba zinasema upendo wa mama hushinda yote. Hazisemi hivyo. Mama mzazi wa Sethe, tunaambiwa, aliwatupa watoto aliozalishwa kwa nguvu na wazungu, bila hata kuwapa majina, akambakiza Sethe peke yake kwa kuwa baba yake alikuwa mtu mweusi aliyemkubali mwenyewe. Yupo pia Ella, jirani, aliyefungiwa ndani na kubakwa na baba na mwana. Alipojifungua alikataa kunyonyesha. Kitoto kiliishi siku tano.

Morrison hawatetei wala hawashtaki. Anachoonyesha ni kwamba utumwa ulipolivamia tumbo la mwanamke, ulimwachia njia ambazo zote zilikuwa mbaya: kupenda kitu kitakachouzwa, kujizuia kupenda, kukataa kabisa, au kuua. Riwaya imejaa akina mama, na kila mmoja ameshika njia yake. Msomaji anayetafuta mama mwema na mama mbaya atatoka mikono mitupu.

Kesi ya mwaka 1856

Kisa cha kuua mtoto hakikuzuliwa. Januari 1856 Margaret Garner, mjakazi kutoka Kentucky, alivuka na familia yake Mto Ohio uliokuwa umeganda kwa baridi, wakaingia Cincinnati, mji wa jimbo lisilo na utumwa. Haikuwasaidia, kwani sheria ya shirikisho ya mwaka 1850 ilimruhusu bwana kumfuata mtumwa wake hadi kwenye majimbo hayo. Nyumba walimojificha ilipozingirwa, Margaret alimuua binti yake Mary kwa kisu na akajaribu kuwaua na wengine kabla hajazuiwa.

Kilichofuata kinashangaza kuliko tukio lenyewe. Wapinga utumwa waliokuwa upande wake walitaka ashtakiwe kwa mauaji. Walitaka, yaani, ahukumiwe kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kitanzi. Hoja yao ilikuwa hii: muuaji ni mtu, na aliyeuawa ni mtu. Mahakama ikimshtaki kwa kumuua mwanawe itakuwa imekiri kwamba Mary alikuwa mtoto wa Margaret. Bwana naye alidai arudishiwe mali yake iliyotoroka. Bwana alishinda. Margaret akarudishwa, akauzwa kusini, akafa kwa homa ya matumbo mwaka 1858.

Morrison alikutana na habari za Garner akiwa mhariri, wakati wa kuandaa The Black Book, kitabu cha kumbukumbu za Wamarekani weusi kilichotoka mwaka 1974. Beloved ilitoka 1987 na kutunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kesi iliyokosa kusikilizwa mahakamani ikasikilizwa riwayani, ila mashtaka hayasomwi na serikali. Anayemdai Sethe maelezo ni yule binti aliyeuawa, anayerudi nyumbani. Baby Suggs, ambaye angekuwa hakimu wa haki, anashindwa kumsifu na anashindwa kumlaani, anapanda kitandani na hashuki tena.

Kwetu je?

Hadithi ya Beloved inaanza mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza, soko la watumwa likafungwa. Sadfa tu, lakini inafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani jambo hili ni la Wamarekani. Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli mwaka 1899. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa miaka kadhaa, basi, treni zilishuka kutoka hapa hadi Mombasa, na ukifika kule sheria ilikuwa bado inamtambua bwana na mtumwa wake.

"Lakini utumwa wa pwani ulikuwa mwepesi." Sentensi hii ina wafuasi wengi, na ni nusu ya ukweli iliyovaa nguo za ukweli mzima. Nusu yenyewe ni hii. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtoto wa bwana na suria wake, bwana akimkubali, alizaliwa mwungwana na akarithi pamoja na ndugu zake wa ndoa. Mama aliyemzaa hakuruhusiwa kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Kinyume kabisa cha Virginia.

Sasa nusu ya pili. Mjakazi aliyezaa na mtumwa mwenzake alizaa mzalia, mtumwa wa bwana yule yule. Na suria aliyezaa mwungwana alizaa mtoto wa ukoo ambao yeye mwenyewe si wake. Virginia ilimpokonya mama mwanawe kwa kumfanya mtumwa, pwani ilimpokonya kwa kumfanya mwungwana. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa iliwaacha nje masuria, kwa maelezo kwamba wao ni kama wake. Walingoja hadi 1909. Hata hapo, aliyetaka kuondoka alikuwa na hesabu ngumu ya kupiga, maana mtoto alibaki wa baba.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake alikuwa Mserkasi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa angali mtoto baada ya wazazi wake kuuawa, akaishia kuwa suria kwenye nyumba ya Sultani. Salme anasimulia habari hizo kwa upole wa binti anayempenda mama yake. Kisha, ndani ya kitabu hicho hicho, anautetea utumwa wa Zanzibar na kuonya usilinganishwe na wa Marekani. Ukitaka kuona jinsi jeraha linavyoweza kuishi nyumba moja na anayelikana, soma kurasa hizo mbili kwa pamoja.

Ngazi za chini hazikuacha kumbukumbu nyingi. Tunaye Swema, msichana wa Kiyao ambaye masimulizi yake yaliandikwa na wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa huko Zanzibar katika karne ya 19. Alichukuliwa kufidia deni la mama yake. Mama akaomba msafara umchukue na yeye, abebe pembe za ndovu, mradi asiachane na mwanawe. Alipoishiwa nguvu, akaachwa njiani. Masimulizi hayo yamepitia kalamu za mapadri waliokuwa na ajenda yao, kwa hiyo huwezi kuyameza yote mazima. Hata hivyo hebu mtazame huyo mama: aliingia utumwani kwa miguu yake, kwa sababu huko ndiko mtoto alikokuwa anakwenda. Tukimweka kando ya Margaret Garner, tunapata akina mama wawili waliofanya mambo yanayopingana kwa sababu moja.

Katika fasihi yetu ya karibu, Abdulrazak Gurnah aliigusa mada hii kwa upande wa mtoto. Paradise, iliyotoka 1994 na sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, inamfuata Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayepandishwa treni na mfanyabiashara tajiri anayemwita Ami Aziz. Anadhani ni safari ya kutembea. Kijana mwenzake dukani ndiye anayemfumbua macho kwa kejeli: huyo si ami yako, wewe uko hapa kwa sababu baba yako ana deni lake. Hakuna pingu wala mjeledi katika ukurasa huo. Kuna mtoto anayegundua kwamba amewekwa rehani, na mama aliyebaki nyuma ambaye hakuwa na kauli.

Kinarithiwaje?

Turudi kwa yule anayeuliza mtu wa leo anadaije kiwewe cha karne ya 19. Jibu la mtandaoni siku hizi ni kwamba kimo kwenye damu, kimeandikwa kwenye vinasaba. Ningekuwa mwangalifu hapo. Tafiti zipo, nyingi zimefanywa kwa wanyama wa maabara na nyingine kwa watoto wa manusura wa mauaji ya halaiki, na wanasayansi bado wanabishana juu ya maana yake kwa binadamu. Mtu akikuuzia jambo hili kama limekwisha kuthibitishwa, anakuuzia zaidi ya kilichopo dukani.

Riwaya inaonyesha njia fupi zaidi, nayo ni malezi. Denver alikuwa mtoto mchanga siku dada yake alipouawa. Hakumbuki chochote. Akiwa na umri wa kwenda shule, mvulana mmoja darasani anamuuliza kama ni kweli mama yake aliwahi kufungwa kwa kuua. Denver anakwenda kumuuliza mama, na kabla jibu halijamfikia masikio yake yanaziba. Anakuwa kiziwi kwa karibu miaka miwili. Hakurithi damu mbaya. Alikulia kwenye nyumba yenye jambo lisilosemwa, na mama anayempenda huku akiwa na kitu ambacho binti anakiogopa.

Octavia Butler, mwandishi mwingine mweusi wa Marekani, katika riwaya yake Kindred ya mwaka 1979, alikwenda mbali zaidi kwa hila ya kubuni. Dana, mwanamke mweusi wa California wa mwaka 1976, anavutwa mara kwa mara hadi Maryland ya karne ya 19, kila wakati mvulana mmoja wa kizungu anapokuwa hatarini. Mvulana huyo, Rufus, ni babu yake wa mbali. Atakapokua atamlazimisha Alice, mwanamke mweusi, azae naye, na kutoka kwa mtoto wao ndipo ukoo wa Dana utatoka. Dana akimwacha Rufus afe mapema, yeye mwenyewe hatazaliwa. Rufus baadaye anamwadhibu Alice kwa kumdanganya kwamba amewauza watoto wao. Alice anajinyonga. Msomaji anabaki na jambo gumu kulimeza: urithi wa utumwa kwa watu wengi ni kuwepo kwao kwenyewe.

Na hata tukiacha hadithi za kubuni, mambo "yaliyokwisha" yalichukua muda wake kwisha. Baada ya utumwa kufutwa Marekani mwaka 1865, waliokuwa watumwa waliendelea kwa miongo kadhaa kutoa matangazo magazetini kutafuta mama, watoto, ndugu waliouzwa mbali, wakitaja jina la bwana wa mwisho na mahali walipoachana. Hapa kwetu, Freretown karibu na Mombasa ilianzishwa mwaka 1875 kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazini. Kati yao walikuwamo watoto. Ukoo unaoanzia kituo cha misheni una wajukuu leo, na baadhi yao wapo Nairobi wakijaza fomu zinazouliza kabila.

Yule mzimu

Linabaki pepo. Katika Beloved, mtoto aliyeuawa anarudi, kwanza kama vurugu za ndani ya nyumba, kisha kama msichana mzima anayetoka majini. Wasomaji wa huku hugawanyika: kuna wanaosema ni mzimu kweli na kuna wanaosema ni akili ya Sethe. Sioni haja ya kuchagua. Kitabu kimeandikwa ili yote mawili yasimame, na kwetu mfu mwenye madai yake si jambo la kumtia mtu kichaa. Watu wanajua hatua za kuchukua.

Hatua zenyewe ndizo ambazo wengi huzipita haraka. Siku bwana alipokuja, majirani walimwona na hawakumwonya Sethe. Siku moja kabla, Baby Suggs alikuwa ameandaa karamu ikalisha watu 90, na wivu ukawaingia: kwa nini wao wapate na sisi tukose? Kwa hiyo damu ile ina mikono mingi. Miaka 18 baadaye wanawake 30 wa mtaa wanakuja mbele ya nyumba hiyo, wakiongozwa na Ella, yule aliyekataa kunyonyesha, wanasali na kuimba mpaka msichana anatoweka. Hakuna aliyemsamehe Sethe kwa maneno. Walikuja tu, jambo ambalo hawakulifanya mara ya kwanza.

Neno juu ya "utumwa mamboleo", kwa kuwa mjadala wa Nairobi lazima utafika Saudia. Mama anayewaachia bibi watoto Kayole na kwenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh amesaini mkataba, na sheria haimhesabu kuwa mali, hata pale anapodhulumiwa vibaya. Tukiyaita yote utumwa tunapoteza makali ya neno. Lakini iko sehemu moja ambapo swali letu la mwanzo linarudi bila kulazimishwa: watoto waliozaliwa huko na akina mama Wakenya nje ya ndoa, wakakosa vyeti vya kuzaliwa, na mama zao wakashindwa kurudi nao nyumbani. Hadhi ya mama mbele ya sheria ikaamua kama mtoto yupo au hayupo. Natamani mwandishi wa Kiswahili alichukue hilo, na natamani zaidi riwaya ambayo suria wa Mombasa anasimulia mwenyewe, kwa Kimvita chake.

Anayetaka kuanza kusoma asianze na Beloved. Kurasa zake za mwanzo zimevurugwa kwa makusudi, nyakati zinaingiliana, na wengi huiacha hapo wakijiona hawajui Kiingereza. Aanze na Peponi kwa Kiswahili, aende Kindred inayosomeka kama hadithi ya kusisimua, ndipo aifikie Beloved. Akikwama, aendelee hadi yale mazungumzo ya maziwa kisha arudi nyuma.